Ukoo wa Bibi (ndugu tu)

Rukia: Habari za asubuhi. Majina matatu ya wataalamu nimeyatuma tangu jana usiku, tiki zote za bluu, jibu hakuna. Leo lazima tumpate wa kuzungumza na Idi.

Rukia: Mama Idi, bado halali?

Mama Idi: Mpaka alfajiri, wifi. Mpira kaacha. Simu za wenzake hapokei.

Seif: Mleteni kwangu, ushauri bure 😂

Kassim: Mjomba, si wewe uliyelia timu ilipofungwa? 😂😂

Seif: Lilikuwa vumbi lile

Rukia: Jamani! Shirika la Afya Duniani linasema kijana 1 kati ya 7 wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Huyu ni wetu.

Rukia: Wa kwanza ni daktari wa magonjwa ya akili, anaweza kuandika dawa. Wa pili mwanasaikolojia, anatibu kwa mazungumzo, anamfundisha kijana kuyakamata mawazo yanayomvuruga na kuyapima kama ni ya kweli. Wa tatu anashauri wanandoa, huyo nimeshamwondoa.

Latifa: Mama, leseni umezihakiki? Mtu anaweza kujiita mtaalamu kwa bango tu. Na waulizwe kama wamezoea vijana wa miaka 15.

Latifa: La haraka zaidi: Idi amewahi kusema anataka kufa? Aulizwe wazi. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Akisema ndiyo, ni hospitali leo, hatungoji miadi.

Kassim: Samahani, nani alibaki na jeki ya gari langu?

Seif: Muulize Baba Idi 😂

Latifa: Kassim!!

Baba Idi: Ndiyo naingia. Jeki sina. Huyo mtaalamu awe ananieleza kila anachosema mtoto. Mlipaji ni mimi.

Latifa: Hapana, mjomba. Yale ni siri yao. Yanatoka tu mtaalamu akiona Idi anaweza kujidhuru au kudhuru mtu, au kuna mtu anamdhuru. Mtaalamu mzuri anayasema haya siku ya kwanza, mbele yenu wote.

Mama Salma: Siri, kwenye ukoo huu? Ya Salma wangu yalifikaje harusini?

Rukia: Hayo tuliyamaliza.

Mama Salma: Mliyamaliza nyinyi. Salma yuko wapi humu?

Bibi: Latifa kanisomea yote, naye ndiye ananiandikia. Salma alikosewa, na waliomkosea wanajijua. Atakayosema Idi kwa mtaalamu yakifika humu, mimi natoka. Baba Idi umesikia.

Baba Idi: Nimesikia, mama.

Mama Idi: Latifa, nilikuwa naye chumbani. Nimemuuliza. Amesema hapana, ila amechoka. Kulia amelia.

Latifa: Afadhali umeuliza. Endelea kumuuliza, asibaki peke yake sana.

Rukia: Basi ni mwanasaikolojia, Jumanne saa kumi. Nani anampeleka?

Mama Idi: Anataka mwanamume, wifi. Na waonane mara moja kwanza, asipompenda asilazimishwe.

Rukia: Huyu ni mwanamke na miadi nimeshaweka!

Latifa: Mama, asipomwamini hatafungua mdomo, hata awe bingwa. Mwulize huyo huyo, atajua mwenzake wa kiume.

Rukia: Sawa, nitampigia. Lakini Jumanne niifute au niiache? Baba Idi? Mama Idi? Wanafunga saa kumi na moja.