Nataka kuwa daktari wa upasuaji wa mishipa ya damu, nianzie wapi nikiwa Nairobi?

daktari_wa_zamu
Habari zenu wakubwa. Mimi ni MO, daktari ambaye bado si bingwa, nilimaliza intani mwaka juzi, sai niko hospitali moja hapa Nairobi. Juzi tu tuliletewa kijana wa boda, goti limechomoka, mguu chini ya goti baridi kabisa, nikapapasa juu ya unyayo, nikapapasa nyuma ya kifundo, hakuna pigo. Aliumia saa kumi alfajiri, akatufikia saa mbili, tukaanza kupiga simu huku na huku tukitafuta mtu wa kuunganisha ule mshipa wa nyuma ya goti, na hadi apatikane ilikuwa saa saba mchana. Nyinyi mnajua misuli ikikosa damu masaa sita hivi huanza kufa. Mguu ukakatwa juu ya goti. Ana miaka 24 na mimi ndio nilimwambia mama yake.

Tangu siku hiyo silali vizuri juu nataka kuwa yule mtu anayepigiwa simu. Sasa naomba mnielekeze, nipitie MMed, ile digrii ya ubingwa ya chuo kikuu, ya upasuaji wa jumla ama ile ya kifua na moyo, ama COSECSA, kile chuo cha wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, ama nitafute ng'ambo moja kwa moja? Nasikia Marekani unatoka chuo unaingia mishipa bila kupitia kwingine.

rejista_mwaka_wa_3
Pole sana kaka, hiyo ya kuongea na mama mtu hakuna mtu hutufundisha. Mimi niko COSECSA, makao yao ni Arusha na wameanza 1999, ni chuo kisicho na majengo ya darasa, unasoma ukiwa kazini katika hospitali waliyoikubali, miaka 2 ya kwanza unafanya mtihani wa MCS, ule wa uanachama, halafu 3 zingine za FCS, ule wa ubingwa, upasuaji wa jumla. Uzuri wake unaandikiwa kila operesheni kwa logibuku, hakuna kudanganya kwamba ulishika kisu na ulikuwa umeshika tu ritrakta, kile chuma cha kuweka kidonda wazi. Lakini ukimaliza wewe ni wa upasuaji wa jumla, mishipa itabidi uende mbele tena.

mzee_wa_uzi_mwembamba
Daktari, nimesoma mara mbili ulichoandika. Hiyo njia ya moja kwa moja ipo, Marekani waliikubali 2006, miaka 5 ya mishipa baada ya chuo, ingawa ile ya zamani ya miaka 5 ya jumla kisha 2 ya mishipa bado iko. Uingereza nao waliitenga mishipa na upasuaji wa jumla, mafunzo yake yakaanza 2013. Kwao inafaa, yule wa mishipa akikuta utumbo umekufa anamwita mwenzake wa chumba cha pili. Hapa kwetu saa nane usiku mwenzako wa chumba cha pili ni wewe. Ateri kubwa ya tumbo ikipasuka utafungua tumbo wewe, utabana juu wewe, na utumbo ukiwa mweusi utaukata wewe. Kwa hivyo ushauri wangu ni jumla kwanza, imalize vizuri, usiione kama kituo cha kungojea matatu. Ya kifua na moyo pia inakufikisha na kuna watu hodari sana waliopitia huko, ila kama kinachokuuma ni miguu, jumla ndiyo itakukutanisha na miguu kila wiki.

Baada ya hapo mimi nilienda Afrika Kusini. Kule mishipa ni cheti juu ya ubingwa wa upasuaji, na Groote Schuur pale Cape Town wana kitengo chake. Jipange na pesa mapema, mgeni mara nyingi huchukuliwa kama nafasi ya ziada, mshahara unatoka nyumbani ama hautoki kabisa, mke wangu alibeba nyumba peke yake muda huo wote na hilo silisahau.

Kitu kingine, kazi nyingi siku hizi inapitia ndani ya mshipa. Ilianza na Seldinger, Msweden, 1953, sindano kisha waya kisha mrija juu ya waya, Dotter akaanza kupanua mishipa ya miguu 1964, halafu Parodi kule Buenos Aires 1990 akaweka grafti, mrija bandia, kwa ateri kubwa ya tumbo akipitia kwa kinena. Lazima uijue hiyo. Lakini ukichagua pa kusomea uliza pia wanafanya ngapi za kufungua, maana utarudi mahali ambapo stenti, kile kimrija cha kuweka mshipa wazi, haipo ama mgonjwa hawezi kuilipia, na mshipa wa paja lake mwenyewe upo, unautoa, unaugeuza ili vali zisizuie damu, unashona. Huyo kijana wako alihitaji hivyo tu.

sista_wa_figo
Samahani madaktari naingilia. Mimi ni nesi wa dayalisisi, kusafisha damu kwa mashine. Ajali tunaziona lakini kuna foleni nyingine haipigi kelele, wagonjwa wa figo wanaokaa miezi na katheta, mrija wa kuunganishwa na mashine, shingoni wakingoja fistula, na siongelei ile ya akina mama wa uzazi, naongelea ya mkono, ateri inaunganishwa na vena pale kifundo cha mkono ili tupate pa kuingiza sindano za mashine, ile ya madaktari Brescia na Cimino ya 1966. Inataka wiki 6 ama zaidi ikomae. Katheta kila siku inaleta homa na baridi ya kutetemeka, na ikikaa inaziba vena kubwa za kifua, ukija baadaye kutengeneza fistula mkono unavimba.

Daktari, ukitaka kujifunza mishipa anza kwetu. Weka kidole juu ya fistula iliyokubali, utasikia inatetemeka kama paka anayekoroma chini ya ngozi, na ile iliyoziba iko kimya. Na tafadhali waambie maintani wenzako waache kutoboa mkono ambao mgonjwa hautumii sana kila wakimtoa damu, huo ndio tunautunzia fistula, watoe nyuma ya kiganja.

daktari_wa_zamu
Asante sana Sista, hilo la mkono naanza nalo kesho kwa wodi. Na Mzee asante, nimeamua ni jumla kwanza. Swali la mwisho, kabla ya kupata nafasi naweza kufanya nini na mikono yangu? Thieta wananipa kufunga ngozi tu.

mzee_wa_uzi_mwembamba
Shona nyumbani. Carrel, aliyepata Nobel 1912 kwa kazi ya kuunganisha mishipa, alijifunza kushika sindano nyembamba kwa mwanamke fundi wa kutarizi pale Lyon, kwa hivyo usione haya kujifunza nje ya hospitali. Nenda soko la nyama la Burma hapa Nairobi asubuhi, mwambie mwenye nyama akuachie moyo wa ng'ombe na ule mshipa mkubwa juu yake, wengi huutupa. Omba thieta prolini 6-0, ule uzi mwembamba wa kushonea mishipa, iliyopitwa na tarehe. Kata mshipa, ushone mwisho kwa mwisho, nyuzi tatu za kushikilia kwanza ili duara ikae pembetatu, ndivyo Carrel mwenyewe alivyofanya, sindano iingie wima na itoke kwa kuifuata mviringo wake, usivute. Shika kuta kwa nje tu, usibane ule utando wa ndani, ukiujeruhi damu itaganda hapo hata kama mshono unapendeza. Ukimaliza funga upande mmoja, jaza maji kwa bomba la sindano upande wa pili. Panapovuja, fungua ushone tena.