Mume anataka tuzunguke Pwani tukionja bia, na dereva ni mimi. Nishaurini

Funguo_Ziko_Kwangu (Umoja, Nairobi)

Wadau hamjambo. Nimesoma nyuzi za safari humu miaka na mikaka bila kuandika neno, leo nimebanwa.

Mimi na mzee wangu tunatimiza miaka kumi ya ndoa mwezi ujao. Watoto wanaenda kwa nyanya yao Murang'a, kazini nimepewa siku sita, na tumeweka kando elfu sitini. Sasa mzee ameshikwa na ugonjwa wa hizi bia za viwanda vidogo. Si mlevi, msinielewe vibaya. Anaweza kukaa na glasi moja saa nzima, anainusa, anaiinua kwenye taa, ananiambia, "Sikia, hii ina harufu ya chungwa." Mimi nasikia bia tu.

Ameona video ya mke na mume wa huko ng'ambo wakiteremka na gari kandokando ya bahari, kiwanda kidogo hiki, kesho kile, na ameamua nasi tufanye hivyo kuanzia Mombasa hadi Malindi.

Nina mambo mawili. La kwanza, hivyo viwanda viko kweli? La pili ndilo linaloniuma. Mwaka jana tulienda Naivasha kwa mpango kama huu. Alionja sehemu tatu. Mimi nilikunywa soda sehemu tatu, nikashikilia funguo mkononi kama askari wa lango, halafu nikaendesha usiku kwenye ukungu wa Kinungi yeye akikoroma. Kwa hiyo kwenye sherehe ya ndoa yangu mwenyewe niwe dereva wa teksi?

Gari ni Demio. Wa kunitukana karibuni, ila mje na njia mbadala.

Konda_Mstaafu

Mama, shikamoo kwa uvumilivu.

Nairobi hadi Mombasa ni kama kilomita 480. Toka saa kumi alfajiri, upite Mlolongo kabla watu hawajaamka. Kipande cha kuogopa si kile kirefu, ni Salama hadi Sultan Hamud: malori yanapanda polepole, wenye haraka wanayapita kwenye kona. Kaa nyuma ya lori, ufike. Ukiingia mji wowote shuka hadi 50, kamera za polisi zinapenda magari madogo.

Makindu kuna hekalu la Singasinga, liko hapo tangu 1926, na kila msafiri anapewa chakula bure: chapati, dengu, chai. Unavua viatu, unafunika kichwa. Nyama, sigara na pombe haviingii kwenye ua wao hata kidogo, kwa hiyo kama mzee amebeba chupa zake asiingie nazo. Mtito Andei umefika nusu ya safari, nyoosheni miguu. Kuanzia hapo hadi Voi mko katikati ya Tsavo, na tembo huvuka wanapotaka.

Povu_Kidogo (Kilimani)

Mimi nina ugonjwa wa mumeo kwa hiyo nitasema ukweli. Viwanda vidogo vya bia vya Kenya vimejazana huku kwetu. 254 Brewing na Bateleur, zote ni za pande hizi za Nairobi. Pwani utapata hoteli na baa zinazouza baadhi ya bia hizo, lakini ule mnyororo wa kiwanda hadi kiwanda aliouona kwenye video haupo. Akitaka kuona matangi, achukue Jumamosi moja na teksi, amalize kiu kabla hamjafunga safari.

Na asinunue katoni huku abebe kwenye buti. Bia isiyochujwa ina hamira hai ndani, inataka baridi. Ile harufu ya chungwa anayoisifu inatoka kwenye hopsi, yale maua yanayotiwa kwenye bia, na joto ndilo la kwanza kuiua. Buti la Demio saa saba mchana pale Voi? Atafika na uji.

Kuhusu nani anaendesha, mpe hesabu hii. Glasi nne ndogo za mililita 150, bia ya asilimia 6. Hizo ni mililita 600, na ndani yake mililita 36 za pombe tupu. Ini la mtu wa kawaida linaondoa kama mililita 10 kwa saa. Yaani "nimeonja tu" ni zaidi ya saa tatu na nusu kabla mwili haujawa safi, na kahawa haiharakishi chochote, inakupa mlevi aliye macho. Watu hudhani glasi ikiwa ndogo haihesabiwi.

Ndugu_Mwema

Miaka kumi ya ndoa mnaenda kusherehekea kwa pombe badala ya kumshukuru Mungu. Ndoa nyingi zimeanguka hivyo hivyo.

Funguo_Ziko_Kwangu

@Ndugu_Mwema tutashukuru Jumapili, tuko kwaya wote wawili. Ameni.

@Povu_Kidogo hiyo hesabu nimemsomea mezani. Amekaa kimya kidogo, halafu akasema, "Basi nitaonja glasi tatu." Mnaona ninachopigana nacho?

Mjukuu_wa_Mgema (Kaloleni)

Dada, bwanako anatafuta kiwanda kidogo cha kinywaji karibu na bahari, nami nimezaliwa chini ya kimoja. Kina makuti juu.

Babu yangu alikuwa mgema, mtu wa kugema tembo, yaani pombe ya mnazi. Alfajiri anapanda kwa vipandio alivyochonga mwenyewe kwenye shina, kotama, kisu chake cha kugemea, imechomekwa kiunoni na kibuyu kinaning'inia. Kule juu hashughuliki na nazi. Anatafuta shada la maua ambalo bado limefungwa ndani ya karara, ganda lake, analikaza kwa kamba lisije likafunguka, kisha anakata ncha na kuining'inizia kibuyu. Kila akipanda, asubuhi na jioni, anaparua tena ile ncha, kipande chembamba kama ukucha, kwa sababu kidonda kikikauka tembo linakoma. Nilikuwa nasimama chini nikitazama nyayo zake tu, na vile vipande vyembamba vikiniangukia kichwani.

Hamira hatii. Iko hewani, na iko kwenye mabaki ya jana ndani ya kibuyu. Likishushwa asubuhi ni tamu, utadhani dafu limetiwa sukari. Adhuhuri linatoa povu lenyewe. Magharibi limekuwa kali, linakupiga nyuma ya masikio. Kesho yake ni siki. Sasa mwambie mzee: hana haja ya kuzunguka. Akae kwenye mnazi mmoja, aonje asubuhi, mchana na jioni, atakuwa ameonja vinywaji vitatu na gari halijasogea.

Njia: msifike Mombasa. Mariakani mkate kushoto, mpite Kaloleni, mtokee Mavueni hapo kabla ya daraja la Kilifi. Mmekwepa foleni za Changamwe na zile za Mtwapa, na mmepita katikati ya minazi yenyewe.

Mkienda mangweni, yaani vilabu vyetu vya mnazi, nendeni na mwenyeji. Mtapewa mrija wenye kichujio cha nyuzi za mnazi kwenye ncha, kwa sababu nyuki nao wanapenda kitu kitamu na wengine hufia humo. Usiutoe ukadhani ni uchafu. Mzee wa pale akimwaga tone chini kabla hajanywa, msicheke, ni la koma, wazee waliotangulia. Na mumeo asisifu kupita kiasi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na hiyo si methali tu, nimeyaona maji yenyewe yakitiwa, na sukari juu yake. Ukiona chini ya kikombe kuna sukari isiyoyeyuka, lipa, aga, ondoka.

Povu_Kidogo (Kilimani)

Nimesoma mara mbili. Huyo babu alikuwa mpika bia bora kuliko wengi wetu wenye matangi ya chuma.

Na kwa Kiswahili tembo wa porini na tembo la mnazi jina ni moja. Mnaijua ile hadithi ya bia ya Tusker? Ndugu Hurst walianzisha Kenya Breweries 1922, mwaka uliofuata George Hurst akauawa na ndovu akiwa mawindoni, bia ikapewa jina kwa ajili hiyo, maana tusker kwa Kiingereza ni ndovu mwenye pembe. Kwa hiyo nchi hii inakunywa tembo kwa njia zote mbili.

Bi_Asha_Kibokoni (Mombasa)

Mwanangu, mie pombe sinywi wala sikufundishi. Lakini mkipita kwetu Mji wa Kale mje asubuhi, mle mahamri na mbaazi, jioni viazi karai na mishkaki. Uvae kanga yako, na mumeo asitembee vichochoroni na chupa mkononi, si adabu. Ukikaa na heshima utakaribishwa hata kwa usiyemjua.

Hilo tembo, nikwambie, wazee wetu wengine walilijua jikoni tu. Zamani mkate wa kumimina uliumuliwa kwa tembo tamu kabla hatujapata hamira ya pakiti. Ulikuwa na vitundu kama sifongo, na ladha ambayo hii ya pakiti haitoi. Hapo sikatazi.

Fundi_wa_Donholm

Onyo moja. Nilibeba mnazi lita mbili kwenye chupa ya soda kutoka Kilifi, nikakaza kifuniko kama mtu mwenye akili. Karibu na Mackinnon Road nikasikia mlipuko, nikadhani ni gurudumu. Nikashuka, nikazunguka gari, magurudumu yote manne mazima. Kufungua mlango wa nyuma, dari inadondoka. Kisha pale Voi kizuizi cha polisi, na mimi sijaonja hata tone, gari linanuka kilabu. Nilipuliza kile kifaa cha kupima pombe mara mbili, afande hakuamini sifuri ya kwanza.

Mnazi haukomi kuchachuka kwa sababu wewe umeondoka. Gesi inatafuta mlango. Miezi miwili gari langu lilinuka siki, mke wangu akawa anapanda matatu.

Konda_Mstaafu

😂😂 Kifuniko kilegeze bwana. Au uache mnazi ubaki kwao.

Mama, kuhusu funguo. Mimi nimeendesha na kupiga debe njia hii miaka ishirini, sijaona wawili wakinywa kisha wakaamua kwa haki nani ni dereva. Amueni mkiwa Nairobi. Siku ya kuonja gari linalala. Kilifi kuna tuktuk na boda kila kona. Na siku ya kurudi, anayeendesha ni yule ambaye jana yake hakunywa, si yule anayesema amepata nafuu.

Funguo_Ziko_Kwangu

Asanteni. Tumekaa chini jana usiku. Nimemwambia naenda, lakini Mombasa–Malindi ya viwanda haipo, na hata ingekuwepo nisingeiendesha. Tunakata Mariakani, tunalala Kilifi siku nne nyumba moja, gari haliondoki uani. Kwenda naendesha mimi. Kurudi ni yeye, na siku ya mwisho atakunywa maji ya dafu.

Aliuliza, "Na wewe utafanya nini hiyo siku ya mwisho?" Nikamwambia nitafikiria.

Funguo_Ziko_Kwangu

Nimerudi, wiki mbili baadaye, niliahidi watu kwenye inboksi kwamba nitasema ilivyokuwa.

Makindu tulikula. Mzee alifungwa kitambaa cha rangi ya machungwa kichwani na akaomba chapati ya tatu. Tembo wa Tsavo tuliwaona wanne, wekundu wa vumbi, mbali kidogo na reli. Njia ya Kaloleni ni nzuri, ila mbuzi ni wengi kuliko magari.

Mwenye nyumba alitupeleka kwa mgema mmoja, mzee wa maneno machache. Saa moja asubuhi mzee wangu akapewa kikombe, akanusa, akakiinua kwenye jua kama kawaida yake. Nikangoja aseme chungwa. Akasema, "Hii inanuka mvua." Yule mgema akamtazama, akanitazama mimi, akanipa na mimi mrija bila kuniuliza.

Jamani. Mimi wa soda. Ule wa asubuhi niliumaliza. Wa mchana nikaomba tena. Wa jioni ulinikunja uso, nikamwachia yeye, na tukarudi kwa tuktuk tukiimba nyimbo za kwaya, dereva akaitikia sauti ya tatu. Siku ya pili tulikaa baharini tu. Siku ya tatu, badala ya kutafuta baa aliyokuwa ameiandika, mzee ndiye aliyesema turudi kwa yule mzee wa mnazi.

Siku ya mwisho nilikunywa wa asubuhi na wa mchana. Yeye alikunywa dafu mbili, akanitazama nikinywa, na nikaona kwa mara ya kwanza sura niliyokuwa nayo Naivasha. Hakusema kitu. Sikusema kitu.

Kesho yake saa kumi alfajiri alichukua funguo mezani mwenyewe. Nililala kuanzia Mariakani hadi Sultan Hamud. Anasema nilikoroma, mimi nakataa.

@Bi_Asha_Kibokoni nilibeba nusu lita, kifuniko nimelegeza, chupa nimeipakata kwenye ndoo. Mkate umeumuka vizuri lakini umeshika sufuria chini. Moto uwe kiasi gani, mama?