Mrejesho: ule mtoko niliowaomba ushauri

Wakuu habari zenu, mrejesho huu hapa kama nilivyoahidi. Kwa ambao hamkuona, niliuliza kama ni sawa kumpeleka mtu mpya Coco Beach wakati pale ndo nilikuwa nakula mihogo na ex wangu, maana nilikuwa nalala nawaza mitoko yote ya zamani mpaka usingizi unakata. Wengi mkasema badili kiwanja.

Basi nikamwachia achague yeye, akasema Kigamboni. Tukapanda pantoni jioni, nauli sh 200 tu (waliouliza bajeti mpo?), watu wamebanana, bodaboda, bajaji, na mama mmoja kasimama na ndoo yake ya samaki katikati yetu kabisa, tukawa tunaongea juu ya kichwa chake na yeye anachangia mada 😂

Hapo ndo nikamsimulia deti yangu ya kwanza chuoni, chipsi mayai kwenye mfuko wa rambo, enzi hizo kabla mifuko ya plastiki haijapigwa marufuku 2019. Naye akanipa ya kwake, jamaa kampeleka Forodhani kule Zenji, kaagiza urojo na mishikaki kama harusi, kufika kulipa eti waleti kaisahau! Akalipa dada wa watu.

Kwa hiyo mliosema usithubutu kugusa ya zamani, sikubaliani, stori ndo zilitubeba mpaka pantoni ya kurudi. Jina la ex sikulitaja lakini, siko hivyo. Ijumaa tunatoka tena, kiwanja anachagua yeye.