Mbwa akimuuma mgeni kambini, nani abebe gharama?

Mwanzisha mada, Bombo:

Ndugu zangu, Desemba inakaribia na kila mwenye gari na hema anapanga safari: Bunyonyi, Sipi, Jinja kando ya Nile, visiwa vya Ssese. Siku hizi familia nyingi za Kampala husafiri na mbwa wao. Sina ugomvi na hilo. Ninachouliza ni hiki: mbwa akishafika kambini, tabia yake iko juu ya nani? Juu ya mwenye mbwa, juu ya mwenye kambi aliyempokea getini, au juu ya mgeni mwingine anayeambiwa "ungejihadhari"?

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Iko juu ya mwenye mbwa, yote, kuanzia anapomteremsha garini hadi anapompakia tena. Na mwenye kambi anayefuga mbwa wa ulinzi naye ni mwenye mbwa kama wengine.

Huwa naongoza vijana wa madrasa kupiga kambi wakati wa likizo. Safari moja, kando ya ziwa, tulikuwa tumetandika mikeka tunapakua wali na mukene, dagaa wa ziwani. Mbwa mkubwa wa kahawia kutoka hema la jirani akaja akatia mdomo kwenye sufuria. Mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kiti, hatua chache tu, akapiga mluzi akasema, "Msiogope, huyo hana neno." Sisi tunafuata madhehebu ya Shafii, na chombo alicholamba mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Chakula cha watoto kikamwagwa. Tukiwa bado tunasugua sufuria, na yule bwana akinung'unika kwamba tunamdhalilisha mnyama wake, mtoto wa miaka minane akatoka mbio kuelekea majini. Mbwa akamfuata, akamng'ata nyuma ya goti. Alama nne za meno, mbili zikatoka damu. Maneno ya kwanza ya mwenye mbwa: "Hajawahi kuuma mtu."

Huenda ni kweli. Ila mbwa aliyeko kambini si yule aliyeachwa nyumbani. Amezungukwa na harufu ngeni, moto, muziki, nyama choma kila upande na watoto wanaokimbia. Usiku hana ua wake wa kulinda, kwa hiyo hema na nyasi zote zinazolizunguka anazifanya ua. Mbwa mpole kabisa wa mtaa wa Ntinda, Kampala, anaweza kumrukia mtu anayetoka chooni saa nane usiku na tochi mkononi. Haya mwenyewe anapaswa kuyafikiria kabla ya kuwasha gari, kwa sababu sisi wengine mbwa huyo hatumjui, na hatukuombwa kumjua.

Kisha kuna kichaa cha mbwa, na hapa naomba msinione naleta hofu. Dalili zikishamtokea mtu, ni nadra mno kupona. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo 59,000 hivi kwa mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia, na karibu vyote chanzo ni mbwa. Kati ya kila watu 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Jeraha huoshwa kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha mtu anakimbizwa hospitali kuanza sindano siku ileile, anarudi siku ya tatu, ya saba na baadaye. Kidonda kikiwa kibaya huongezewa kingamwili za tayari, na hizo kuzipata mbali na mji mkubwa ni shida. Mbwa naye huangaliwa kwa siku 10. Akibaki mzima, inajulikana kwamba siku alipouma mate yake hayakuwa na virusi.

Hapo ndipo kambi inapotofautiana na kijiji. Kijijini mbwa anajulikana ni wa nyumba gani, mwenyekiti wa LC 1, yaani wa baraza la kijiji, anaitwa, kila asubuhi mtu anapita kuangalia kama mbwa anakula na kunywa maji. Kambini mbwa ameuma Jumamosi jioni, na Jumapili saa nne asubuhi hema limekunjwa, gari limeshika barabara. Nani atamwangalia kwa siku 10? Ndivyo ilivyotupata. Daftari la getini lilikuwa na jina moja la mtu, bila simu, na namba ya gari iliyoandikwa ovyo isisomeke. Kadi ya chanjo hakuna aliyeiomba. Mama wa yule mtoto ni muuza nguo sokoni. Kila siku ya sindano alifunga kibanda chake, akapanda teksi na mwanawe, akarudi jioni bila mauzo. Mwenye mbwa alituachia neno la pole.

Ninachotaka kiwe kawaida kwa kila kambi ni kidogo. Getini aonyeshe kadi ya chanjo isiyozidi mwaka mmoja, aandike kwenye karatasi jina kamili, simu na mahali anapoishi. Mbwa awe kwenye kamba muda wote, na kamba isifike njia ya choo wala jiko la wote. Kinyesi aokote mwenyewe, maana watoto wetu hutembea peku na mabuu ya minyoo ya mbwa hupenya kwenye ngozi ya mguu. Akiuma, mwenyewe alipe matibabu, nauli na siku za kazi alizopoteza mzazi, na kwa siku 10 atoe taarifa ya mbwa wake bila kutafutwa.

Wapo wanaotaka mbwa wapigwe marufuku kambini kabisa. Siwaungi mkono. Marufuku itamgusa mgeni mwaminifu tu. Asiye mwaminifu atamficha mbwa garini, na mbwa wa kambi na wa vijiji jirani wataendelea kuzurura katikati ya mahema. Karibuni tujadili.

Mwenye kambi, Jinja:

Mwalimu, pole sana kwa mtoto. Ila unatubebesha mzigo ambao si wetu peke yetu. Mbwa wangu wawili wanafungwa mchana kutwa bandani na kufunguliwa saa nne usiku. Kuna bango getini, na kila mgeni anaambiwa akitaka kutoka hemani usiku amwite askari kwa tochi. Sasa njoo uone Ijumaa: mtu amelewa, anamrushia mbwa mifupa ya kuku, anataka kupiga naye picha. Akiumwa nilipe mimi? Nikiwaondoa hao mbwa, simu na viatu vitatembea kutoka kwenye mahema kabla ya alfajiri, na hapo mtaniita mwenye kambi asiye na ulinzi. Mgeni naye ana wajibu wake.

Mfugaji wa mbwa, Entebbe:

Kaka yangu wa Bombo, kwa kadi ya chanjo na kamba niko nawe mia kwa mia. Jike langu huchanjwa kila mwaka na kadi yake inakaa pamoja na leseni yangu ya gari. Aliyeacha mbwa akazurura kwenye mikeka ya watu wakila alikosa adabu, hilo halina mjadala. Lakini nami niseme ya upande wetu. Nimemfunga mbwa kando ya hema langu kwa kamba fupi, watoto wa watu wakaja wakamchokoza kwa fimbo, wakamvuta mkia, wazazi wako kwenye bia wanacheka. Mbwa aliyefungwa hawezi kukimbia. Akisukumwa hadi mwisho wa kamba kilichobaki ni meno. Mzazi anayemwacha mtoto afike hapo, je, tumwite mwathirika?

Na kingine. Mimi husafiri peke yangu na binti yangu. Kwa wanawake wawili kwenye hema, yule mbwa ni zaidi ya mapambo. Kambi itenge upande wetu, mbali na jiko na uwanja wa watoto, nasi tutalipia zaidi kwa furaha.

Karani wa mahakama, Mbale:

Nichangie kidogo upande wa sheria. Hilo la "hajawahi kuuma mtu" lina mizizi mirefu. Kwa kanuni ya zamani ya Kiingereza, iliyotufikia pamoja na sheria nyingine zilizopokewa Uganda tarehe 11 Agosti 1902, mwenye mnyama wa kufugwa huwajibika pale inapoonyeshwa kwamba alijua mnyama wake ni mkali. Ndiyo maana kila mwenye mbwa huanza na sentensi hiyohiyo, hata kama hajui imetoka wapi. Lakini haimwokoi kila mara. Uzembe ni njia nyingine ya kudai fidia: kumwachia mbwa mkubwa kati ya watoto wanaokula kunaweza kutosha, awe amewahi kuuma au la. Tena Kanuni ya Adhabu inamtia hatiani mtu ambaye kwa uzembe wa kuhatarisha wengine anashindwa kuchukua tahadhari dhidi ya hatari inayotarajiwa kutoka kwa mnyama aliye mikononi mwake. Kwa hiyo polisi wana pa kuanzia.

Kikwazo ni ushahidi. Mashahidi wametawanyika, mmoja Arua, mmoja Masaka, na hakuna aliyeandika kitu. Hilo karatasi la getini analolisema mwalimu, mwenye mbwa akilisaini, ni ahadi yake ya maandishi. Mkononi mwa mama muuza nguo lingefanya kazi kuliko hotuba zetu zote hapa.

Dereva wa watalii, Mbarara:

Wakuu, msisahau kambi za ndani ya hifadhi. Kule mbwa wa wageni hawaruhusiwi, na bado kila mwaka nakutana na mtu kwenye geti la hifadhi ya Ziwa Mburo anambembeleza askari, "ni kadogo tu, kanakaa garini." Pale Rwonyo, kambi ya humo hifadhini, viboko hupanda nchi kavu usiku kula nyasi kati ya mahema. Mbwa akimbwekea kiboko, kisha akarudi mbio kwa bwana wake na kiboko nyuma, mnajua nani atakayekanyagwa. Chui naye mbwa ni chakula chake.

Halafu kuna magonjwa yanayokwenda upande wa pili. Mwaka 1994 homa ya mbwa (distemper, si kichaa) iliingia Serengeti, Tanzania, na kuua simba wapatao 1,000, karibu theluthi moja ya simba wote wa pale, na wataalamu waliifuatilia hadi kwa mbwa wa vijiji vinavyozunguka hifadhi. Sisi simba wetu wa Ishasha, katika hifadhi ya Queen Elizabeth, ni wachache mno kwa mzaha huo. Kwa hiyo ndani ya hifadhi, marufuku ibaki marufuku. Kwa kambi za nje naungana na mwalimu.

Mwanzisha mada, Bombo:

Asanteni. Mzee wa Jinja, bango halimsaidii mtoto asiyejua kusoma, wala mgeni anayeumwa tumbo saa tisa usiku asiyeweza kungoja askari. Mbwa wa ulinzi atembee na askari wake kwenye kamba, azunguke ukuta na geti, badala ya kuachiwa huru kwenye njia ya choo. Wezi watamsikia vilevile. Mlevi anayekwenda kumchezea mbwa bandani, huyo abebe lake, sibishi.

Dada wa Entebbe, kwa watoto wenye fimbo umenigusa. Kiongozi au mzazi aliyewaachia awajibike, na mimi nikiwemo ninapokuwa na kundi langu. Nitaanza kuwafundisha kabla ya safari: usimkimbie mbwa, usimtazame machoni, usimguse anapokula au akiwa amefungwa, simama kama ulivyo na mikono chini. Lakini nisieleweke kwamba mzazi akizembea, mwenye mbwa anaachiwa. Kamba fupi mahali ambapo watoto hupita bado ni uamuzi wake. Upande uliotengwa unaousema ungemaliza nusu ya ugomvi huu, na sioni kwa nini kambi yenye ekari kadhaa ishindwe.

Ndugu karani, tunaomba utuandikie hilo karatasi, nusu ukurasa tu, kwa Kiswahili na Luganda. Nitalipeleka kwenye kambi tunazozitumia.

Bado sijajibiwa moja: mbwa wa kijiji anayeingia kambini kufuata mabaki, ambaye hakuna anayekiri ni wake. Huyo akiuma, nani alipe? Mimi nasema kambi, kwa sababu ndiyo iliyoacha mifupa wazi usiku kucha. Wataalamu wanasema mbwa 7 kati ya kila 10 wa eneo wakichanjwa, kichaa cha mbwa hukosa njia ya kuenea. Basi kambi zinazopata pesa za Desemba zimwite daktari wa mifugo wa wilaya mapema, zigharamie chanjo ya mbwa wa majirani kabla wageni hawajafika. Mzee wa Jinja, hapo utakubali au utakataa?

Mwenye kambi, Jinja:

Chanjo ya majirani nakubali, tena tukichanga kambi tatu nne za hapa mtoni haitatuumiza. Kulipia kila mbwa asiye na mwenyewe, hapana. Hilo tuliendeleze.