MAWAKALA WA CHAPATI?! Leo Mheshimiwa amenivunjia heshima mbele ya ukumbi mzima

Mtetezi wa Wadi (mwanzilishi wa uzi)

Wanajukwaa, salamu baadaye. Natoka ukumbini sasa hivi, mikono ingali inatetemeka. Yule bwana mnamjua, simtaji. Yule wa kofia na fimbo, asiyepokea simu mpaka mwaka wa kura. Leo kaniita WAKALA WA CHAPATI, yaani wakala wa kituo cha kura anayenunuliwa kwa chapati.

Chama chetu kiliangushwa uchaguzi wa 2022. Miaka imepita, hakuna aliyetuita, hakuna aliyetuuliza. Leo 2027 inabisha hodi ndio tunaletewa ujumbe: njooni, tunajenga chama upya. Tukaja. Saa tatu asubuhi tuko vitini, kina mama na watoto migongoni. Yeye kaingia jua la utosi, na wapambe wengi kuliko kura alizopata. Pole hakusema. Kakamata kipaza sauti, akaanza kuorodhesha waliomwangusha: tume, mitambo, mvua, vijana, wazee, mashehe, mapadri, bodaboda. Kwa jinsi alivyokuwa akienda, nilidhani atafika kwa Vasco da Gama. Mtu mmoja tu hakuwemo kwenye orodha ile, naye ni mwenye kipaza sauti.

Nikanyosha mkono. Nikauliza kwa adabu: Mheshimiwa, mbona vituo kadhaa vya wadi yetu havikuwa na wakala wetu hata mmoja, na waliokuwepo mbona hawajalipwa posho hadi leo? Hilo tu. Akanielekezea ile fimbo, akasema: "Ni nyinyi mliotuangusha. Mawakala wa chapati!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Wapambe wakapiga meza.

Mimi! Mimi niliyekesha kituoni mpaka sanduku la mwisho likahesabiwa, nikatia sahihi Fomu 35A, ile ya matokeo ya ubunge ya kituo, nikaipeleka nakala ofisini kwake kwa miguu yangu alfajiri, mlinzi akanambia bosi kazima simu kalala. Chapati ipi? Nani aliyeiona? Chai niliyokunywa usiku ule nilinunuliwa na wakala wa chama kilichotushinda, aliponionea huruma. Halafu mtu aliyekuwa amelala ananiita mimi wa chapati!

Na hivi ndivyo vyama vinavyokufa, msidanganywe. Waliokuwa na akili 2002 wanaikumbuka KANU, chama tawala cha Kenya wakati huo. Ilitawala tangu 1963, ikaangushwa Desemba ile, Kibaki akashinda kwa zaidi ya asilimia 60. Mawakala ndio walioiangusha? Moi alimteua mrithi wake huko juu, wakubwa waliorukwa wakatoka na watu wao, wakaungana na kina Kibaki ukazaliwa muungano wa NARC. Na hata baada ya hapo KANU haikuwa maiti. Ilikuwa na wabunge zaidi ya 60, Uhuru Kenyatta ndiye kiongozi rasmi wa upinzani, matawi yako kila pembe. Wangeweza kushuka vijijini wakauliza: jamani, mlituchokea wapi? Badala yake mwaka 2005 wakawa wanavutana yeye na Biwott, waziri wa zamani wa Moi, nani awe mwenyekiti. 2007 huyohuyo kiongozi wa upinzani akamuunga mkono Kibaki, rais aliyekuwa akimpinga. 2012 akahamia chama kipya cha TNA, 2013 akaingia Ikulu kwa chama kisichotimiza hata mwaka mmoja. Mtu alijijenga upya, chama kikaachwa njiani. Huyu wetu naye ndiko anakotupeleka, tena yeye na hiyo Ikulu ataiona kwenye televisheni.

Tazameni Ghana basi. Chama cha NDC kiliposhindwa 2016 kiliunda kamati chini ya Kwesi Botchwey, aliyewahi kuwa waziri wa fedha, ikazunguka nchi ikiwasikiliza wanachama wa chini. Ripoti ikatoka 2017. 2020 wakakosa urais tena, lakini bungeni wakafungana na wenye serikali, viti 137 kwa 137. 2024 mgombea wao Mahama akashinda urais. Walianza kwa kusikiliza! Hapa kwetu aliyekesha na fomu akiuliza swali anaitwa chapati, mbele ya mama mkwe wake, maana alikuwepo, kiti cha pili kutoka mbele.

Nataka aniombe radhi ukumbi uleule, kipaza sauti kilekile. CHAPATI!

Nahodha Mstaafu

Pole sana dada. Swali dogo tu: zilikuwa za maji au za mafuta?

Mtetezi wa Wadi

Nahodha, naandika na machozi na wewe unaleta mzaha. HAKUKUWA NA CHAPATI.

Mzee wa Barazani

Mwanangu, tulia kwanza. Kwa KANU umesahau KICC, jumba la mikutano la Nairobi. Lile jumba walilishika wao na makao makuu yalikuwa mle, serikali ya NARC ikalichukua 2003. Chama kilichozoea kuishi kwa mali ya serikali, serikali ikiondoka hakijui hata pa kukutania. Ndiyo maana mimi nauliza chama cho chote kilichoshindwa: kodi ya ofisi ya tawi mnailipa kwa pesa za nani? Kama jibu ni "Mheshimiwa", basi tawi ni lake na fimbo ni yake.

Mtetezi wa Wadi

Shikamoo mzee. Ni kweli kabisa, ofisi yetu imefungwa kufuli tangu wiki ya matokeo na ufunguo anao yeye. Lakini fimbo alininyoshea MIMI.

Kipanga wa Bonde

Mna haraka gani? MCP, chama cha Malawi, iling'olewa madarakani 1994, ikarudi 2020. Miaka 26. Mpeni Mheshimiwa wenu muda.

Zuhura wa Pwani

Ikarudi 2020, na 2025 ikang'olewa tena. Kurudi si kazi, kazi ni kubaki. Dada yetu ana haki. Mimi nilikuwa ukumbini na nilimuona, alisimama wima, hakujibu tusi kwa tusi. Waliocheka ni wale waliokwisha kupewa nauli.

Nahodha Mstaafu

Wewe Zuhura nauli ulipewa?

Zuhura wa Pwani

Niliahidiwa.

Hasira za Makupa

Hizi ni kelele za watu walioingia chama kwa hiari yao. Mimi je? 2021 watu walipoanza kuangalia vyama walivyoandikishwa kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na mimi nikachungulia. Nikajikuta mwanachama wa chama chenu! Sijawahi kununua kadi, sijawahi kuvaa fulana yenu. Namba yangu ya kitambulisho mliitoa wapi? Kwenye daftari la mlinzi wa jengo gani?

Fundi Simu

Hasira, umenikumbusha! Mimi nilikutwa kwenye chama ambacho hata ishara yake siijui mpaka leo. Na mke wangu alikutwa kwenye chama kingine. Tukaulizana nyumbani wiki nzima nani anamficha mwenzake.

Mtetezi wa Wadi

Jamani, hayo fungueni uzi wenu. Hapa ni suala la heshima ya wakala.

Tikiti Iliyopotea

Heshima? Mimi nililipa ada ya mchujo wa wagombea wa chama, nikachapisha mabango, watu wakapanga foleni kunichagua, jioni tukasikia mshindi katangazwa hotelini na cheti keshapewa. Nikadai ada yangu nikaambiwa ni mchango wa kujenga chama. Upya huo mnaoujenga ni kwa pesa zangu! Watu wangu wote walisusa kupiga kura. Huko ndiko mlikoanguka, kabla hata ya kura ya Agosti.

Mzee wa Barazani

Hili la mchujo ndilo jeraha lenyewe. Aliyedhulumiwa kwenye mchujo hahitaji kuhama chama, akikaa nyumbani siku ya kura inatosha.

Mtetezi wa Wadi

Naam mzee, na hilo nilitaka kuliuliza kama swali la pili, nikakatizwa kwa chap

Mtetezi wa Wadi

Samahani, simu inazimika. Kwa CHAPATI.

Mahema na Viti

Samahani kwa kuingilia. Mimi ndiye niliyekodisha mahema, viti na vile vipaza sauti vya leo. Nimelipwa nusu, nusu naambiwa nimtafute mhazini, na mhazini anasema alijiuzulu 2023. Aliye na namba ya mhazini mpya anitumie ujumbe wa ndani.

Tikiti Iliyopotea

Hakuna mhazini mpya. Niulize mimi.

Fundi Simu

Mahema, vipaza sauti vyako vinakoroma. Mbele sikusikia chochote ila neno moja.

Mahema na Viti

Leta tujaribu kesho, nitakupa bei ya kirafiki ukivitengeneza.

Hasira za Makupa

Mahema, kwa siku moja hema la watu mia ni bei gani? Tuna harusi baada ya mfungo.

Mahema na Viti

Karibu sana, tutaelewana. Ukichukua na viti nakupunguzia.

Hasira za Makupa

Viti viwe vya buluu. Bibi harusi kashikilia buluu.

Mahema na Viti

Vyeupe ndivyo vilivyopo. Vya buluu vyote viko uani kwa Mheshimiwa tangu kampeni.