Mjadala: Maji yakifunika barabara, gari la 4x4 lipite hadi kina gani?

Mtoa mada
Wakuu, kila masika hoja ni ileile. Mto Msimbazi hapa Dar umefurika, barabara ya Jangwani imefungwa, na mwenye Prado anataka apite kwa sababu kitabu cha gari kinamruhusu maji ya milimita 700. Hilux nayo 700, Ranger 800, Defender mpya yenye springi za hewa 900. Je, namba hizi zitoshe kumruhusu mtu avuke, au barabara ikifunikwa ifungwe kwa magari yote? Naomba hoja zenye vipimo, si ushabiki wa magari.

mzee_wa_gereji (Morogoro)
Namba ya kiwandani ni ya maji yaliyotulia, chini pagumu, na gari ambalo sili na mipira yake yote bado ni mizima. Gari la miaka 15 halina haki ya kuitumia namba hiyo.

Kinachoua injini ni maji kuingia njia ya hewa. Chukua 1HZ, injini ya dizeli ya Land Cruiser: lita 4.2, silinda sita, mgandamizo wa takriban 22 kwa 1. Pistoni ikifika juu kabisa, nafasi inayobaki kwenye kila silinda ni kama mililita 33, yaani vijiko viwili vya chakula. Maji hayagandamizwi kama hewa, kwa hiyo kinachosalimu amri ni konekting rodi, ule mkono unaosukuma pistoni. Inapinda, na ikipinda sana inatoboa bloku.

Watu wanadhani mkonga, lile bomba la kuvutia hewa linalopanda hadi usawa wa paa, umemaliza kazi. Mikonga mingi ya madukani imefungwa kwa mapambo tu. Kuna kipimo rahisi: washa injini bila kukanyaga mafuta, kisha ziba mdomo wa mkonga kwa kipande cha mpira. Injini inatakiwa izime ndani ya sekunde chache. Ikiendelea kunguruma, inavuta hewa kwingine. Kagua klempu za bomba, kifuniko cha eya klina (kopo la filta ya hewa), na ile chuchu ya mpira iliyo chini ya eya klina kwa ajili ya kutoa vumbi. Chuchu ikichanika, maji yanaingilia hapohapo na mkonga wako uko juu unaangalia tu.

Gari lisilo na mkonga, mwisho wako ni katikati ya tairi. Kwa RAV4 au Forester hiyo ni kama sentimita 35. Jimny, sentimita 30.

dereva_korongo (Longido)
Nakubaliana na mzee kuhusu mkonga, ila kufunga barabara kwa magari yote ni sheria ya mjini. Huku gari la wagonjwa likisubiri polisi waje kufungua, mama mjamzito anapoteza maisha. Land Cruiser iliyoandaliwa inavuka sentimita 60 ikiwa dereva anajua kazi.

Shuka kwanza, upime kwa fimbo njia nzima ya tairi zote mbili, maana kalvati huwa linaliwa upande mmoja. (Isipokuwa mito ya Grumeti na Mara, huko huingii kwa mguu, kuna mamba.) Gari likiwa limetoka mbio ndefu, liache lipoe dakika 15. Difu (boksi la gia kwenye ekseli) ya moto ikiingia kwenye maji baridi, hewa ya ndani inasinyaa na kunyonya maji kupitia sili, hasa kipumulio chake, kile kijibomba cha kupitisha hewa, kikiwa kimeziba matope. Zima AC ili feni ya umeme isiamke majini, maana mapanga yake yakipiga maji yanaweza kupinda na kukata rejeta. Fungua vioo, fungua mikanda. Weka L4 (gia nzito ya tairi zote nne), gia ya pili, uingie taratibu, kisha mwendo wa mtu anayetembea haraka. Wimbi dogo linatangulia mbele ya bampa na nyuma yake maji yanashuka kidogo penye injini. Usibadilishe gia, usikanyage klachi, usimkimbilie wa mbele.

BintiMaji (Nairobi)
Kaka, hatua zako ni sahihi kwa maji yaliyosimama. Tatizo langu ni hiyo 60. Nyote mnaongelea injini, lakini watu wanakufa kwa sababu gari limeelea au limesukumwa, mara nyingi injini ikiwa bado inawaka.

Chumba cha abiria kina sakafu ya karibu mita za mraba 4. Milango ikiwa haivuji, kila sentimita 10 za maji juu ya sakafu zinaondoa kama kilo 400 kwenye tairi. Sakafu ikiwa sentimita 45 kutoka chini, maji ya 70 yameshabeba tani moja. Prado ina tani mbili na kidogo, na injini iko mbele, kwa hiyo nyuma ndiyo inayopoteza uzito kwanza. Mkia unayumba, gari linageuka, ubavu unapokea mkondo. Na mwendo wa maji ukiongezeka mara mbili, nguvu ya kusukuma inaongezeka mara nne.

Ndiyo maana mwongozo wa mafuriko wa Australia hauangalii kina peke yake. Kwa 4x4 kubwa, zaidi ya tani mbili, kikomo ni sentimita 50 hata maji yakiwa yametulia, na kina kwa mita ukizidisha na mwendo kwa mita kwa sekunde isizidi 0.6. Gari dogo ni sentimita 30 na 0.3. Pima mita 10 kandokando ya mto, tupa kijiti, hesabu sekunde. Kikipita kwa sekunde 5, mwendo ni 2, kwa hiyo mwisho wa Land Cruiser yako ni sentimita 30. Basi lililosombwa Mto Enziu, Mwingi, huku Kenya, Desemba 2021, lilikuwa zito kuliko gari lolote tunalojadili hapa, na zaidi ya watu 30 walikufa.

dereva_korongo (Longido)
Dada, hesabu ya kijiti naichukua. Lakini gari likipakiwa mzigo na milango ikaachwa wazi kidogo maji yaingie, halielei upesi hivyo.

BintiMaji (Nairobi)
Kweli, kuelea kunapungua. Kusukumwa hakupungui kwa kiasi hicho, na mgonjwa wako amelala kwenye maji. Makorongo ya huko mara nyingi hushuka ndani ya saa chache. Chomeka fimbo ukingoni, weka alama, angalia baada ya dakika 20.

Mkazi wa Magomeni
Mjini kuna jambo mmelisahau. Mifuniko ya mitaro inabebwa na huoni shimo. Halafu wimbi la huyo mwenye Prado linaingia sebuleni kwetu. Jangwani ifungwe kwa wote.

mzee_wa_gereji (Morogoro)
Injini ikizima majini, USIPIGE STATA. Vuta gari nje, fungua eya klina. Filta ikiwa imelowa, toa plagi au nozeli zote, zungusha injini kwa spana kwenye puli, ndipo upige stata maji yatoke. Na hata ukivuka salama, kanyaga breki kidogokidogo mita 200 zikauke, piga grisi kwenye krosi (viungo vya propela), kisha gari likishasimama saa moja legeza nati ya chini ya difu. Maji ni mazito kuliko oili, yatatangulia kutoka. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, badilisha siku hiyohiyo.

dereva_korongo (Longido)
Sawa, tuseme kikomo ni 50 kwa 4x4 kubwa zote na chini ya hapo kwa maji yanayokimbia. Nani atasimamia korongoni saa nane usiku?

BintiMaji (Nairobi)
Nguzo. Kila drifti, yaani pale barabara inapokatiza korongo bila daraja, iwekewe nguzo za mita 1 pande zote mbili ili dereva aone kingo za barabara, zipakwe alama kila sentimita 10, nyekundu kuanzia 30 kwa magari madogo, na mstari mweusi kwenye 50. Na sifuri ianzie sehemu ya chini kabisa ya drifti. Ikianzia pale unapoingilia, dereva atasoma 30 huku katikati ni 70.