Fundi wa mashine za boti hapa Nairobi alikata waya wa swichi ya kuzima, nusura tufe Masinga

Ndugu zangu, nina hasira na sitaificha.

Mwezi uliopita mashine yangu ya boti, nguvu farasi 40, ilianza kuzima ovyo. Nikaipeleka kwa fundi mmoja Industrial Area. Baada ya siku nne akaniambia tatizo lilikuwa swichi ya dharura, ile yenye kamba nyekundu ambayo dereva huifunga mguuni au kwenye jaketi, kwamba imeingia maji lakini ameshaitengeneza. Nikamlipa shilingi 18,500 na risiti akaniandikia: "swichi imetengenezwa."

Jumamosi tukateremka Masinga, mimi na shemeji yangu. Wanaoenda pale wanajua raha yake: bwawa ni la mto Tana, maji mapana, unafungua mafuta mpaka boti inainuka na kuteleza juu juu. Ghafla mbele nikaona maboya ya nyavu za wavuvi. Nikakata kona kali. Boti ikang'ata maji, mimi nikarushwa nje.

Kamba ilichomoka kama inavyotakiwa. Mashine haikuzima!

Asiyejua boti aelewe hapa. Dereva akianguka, usukani ukabaki bila mkono, msukumo wa pangaboi huuvuta upande mmoja na boti huanza kuzunguka. Inarudi pale pale ulipoangukia. Kwa mwendo ule pangaboi linazunguka karibu mara 40 kwa sekunde. Boti ilinipitia mara mbili, ya pili karibu kiasi kwamba povu lake lilinijaa machoni. Shemeji hajawahi kuendesha boti maishani. Alitambaa kwa magoti mpaka kwenye ufunguo, akauzungusha. Mungu ambariki.

Tulipofika nchi kavu nikafungua kasha la usukani. Waya wa swichi umekatwa, ncha zote mbili zimezungushiwa tepu nyeusi. Hiyo ndiyo "imetengenezwa" yake. Swichi hii huzima mashine kwa kuupeleka umeme wa cheche kwenye chuma cha mashine, yaani ethi, cheche zikakatika. Ikiharibika ndani, mashine inazimika yenyewe. Ukiukata waya, ugonjwa unapona kweli, na kinga yote inakwenda nao. Ufunguo bado unazima kama kawaida, kwa hiyo mwenye boti hawezi kushtuka.

Nilimpigia simu. Unajua alichonijibu? "Mzee, hiyo kamba hata watu hawaitumii." Hawaitumii! Marekani tangu Aprili 2021 ni sheria dereva wa boti ndogo ya mwendo kasi aifunge kamba hiyo, na huyu anaikata kimyakimya na kunitoza pesa. Angeniambia tu kwamba swichi mpya hana, ningeitafuta mwenyewe hata Mombasa.

Pesa zangu amekataa kurudisha. Risiti ninayo, na picha za ule waya ninazo, na lazima atazilipa.

Jina lake sitaliandika hapa. Ila kama mashine yako imepita kwa fundi yeyote mwaka huu, leo hii unganisha mpira wa maji ya kuipoza ikiwa nchi kavu, iwashe, halafu chomoa ile kamba. Isipozima papo hapo, usiiteremshe majini. Na anayejua duka hapa mjini lenye swichi halisi aniambie, kwa sababu boti yangu imekaa kwenye trela na haitatoka bila hiyo.